Mtoto hafeli kwa sababu mama yake hana ndoa

(Wengi wameniomba niiweke kwa maandishi hotuba niliyoitoa siku ya wazazi kwenye shule moja ya msingi ya serikali huku Temeke. Nimeiandika vile vile nilivyoongea, nimepunguza salamu tu.)

Wazazi wenzangu, walezi, shehe wetu, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, kamati ya shule, shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo.

Waliotangulia wameongea vizuri na nimewasikiliza kwa heshima zote, ila kuna neno limerudiwa rudiwa sana hapa mbele, kwamba watoto wanaharibika kwa sababu ndoa zinavunjika. Wakati linasemwa mimi nilikuwa naangalia upande ule wa kina mama, na nikaona baadhi yao wanainamisha vichwa. Sasa jamani, hao ndio waliokuja! Wamefunga genge, wameacha vitumbua, wengine wameomba ruhusa kwa bosi na siku yao imekatwa, wamekuja kumsikiliza mwalimu wa mtoto wao, alafu tunawaambia tatizo ni wao. Sikubali. Na nikisema sikubali sio kwamba naona familia haina maana, familia ndio kila kitu, nimefundisha watoto kwa zaidi ya nusu ya umri wangu na naijua sura ya mtoto aliyelala nyumba yenye amani na ya yule aliyelala nyumba yenye ugomvi, huhitaji kumuuliza. Ninachokataa ni kuikata familia na mfuko wake kana kwamba ni vitu viwili tofauti.

Mimi nimefundisha kote kuwili. Nilianza kayumba, yani shule ya serikali, nikaenda inglishi midiamu moja ya kulipia maeneo ya Mikocheni, nikarudi tena kayumba. Niwape watoto wawili, nimebadilisha vitu vidogo wasijulikane, ila mambo ni hayo hayo.

Wa kwanza alikuwa wa Mikocheni, wazazi wake waliachana akiwa darasa la tano. Aliumia, nisiseme uongo, aliumia sana, alikuwa analia chooni. Lakini angalia kilichotokea kwenye maisha yake ya kila siku: basi la shule lilikuwa linamfuata kwa mama, ikaongezwa na kwa baba, wikiendi huku na wiki kule. Ada iliingia kabla ya muhula kuanza kama kawaida. Mwalimu wa twisheni aliendelea kuja nyumbani, dada wa kazi alibaki yule yule, bima ya afya ipo, kitanda chake kipo, tena sasa ana viwili. Marks zilishuka muhula mmoja zikapanda. Leo yuko chuo.

Wa pili ni wa huku kwetu, wazazi wake pia waliachana akiwa darasa la tano. Baba aliondoka mwezi ambao kodi ilikuwa inaisha, na mnajua nyumba zetu, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, mitatu ukimbembeleza. Mama hana hiyo hela, akachukua chumba cha bei rahisi kule Mbande, ila mtoto akabaki hapa kwa sababu uhamisho katikati ya mwaka ni shughuli na darasa la saba lilikuwa karibu. Sasa hesabu na mimi. Mbande mpaka Rangi Tatu gari moja, Rangi Tatu mpaka huku gari lingine, nauli ya mwanafunzi 200, kwenda na kurudi 800 kwa siku, na hiyo ni kama konda amekubali kumpandisha maana mnawaona makonda asubuhi, wanaruhusu wanafunzi wawili watatu wengine wanasukumwa chini, mtoto anaachwa na magari kituoni mpaka saa mbili. Akifika huku amechelewa. Akichelewa anaadhibiwa. Mtoto wa miaka kumi na moja anaadhibiwa kwa kosa la mwenye nyumba, la konda na la baba yake, alafu mwisho wa mwaka kwenye ripoti tunaandika "mtoro, hana bidii".

Talaka ni ile ile, watoto wawili, na walikoishia sio pamoja kabisa. Hicho ndicho nilichokuja kusema leo, kwamba utulivu wa mtoto kwa sehemu kubwa ni kitu kinachonunuliwa, na mwenye hela anaweza kuununua hata ndoa ikifa, wakati asiye na hela anaweza kuwa na ndoa nzima yenye cheti na picha ukutani na bado mtoto hana utulivu hata wa wiki moja.

Na huo utulivu wenyewe ni vitu vya kawaida tu. Mtoto ajue leo nitalala wapi, nikirudi shule nitamkuta nani, na kama kuna cha kula. Basi. Mtoto mwenye majibu ya maswali hayo matatu unaweza ukamfundisha hesabu za sehemu na asilimia akaelewa. Asiye na majibu anakaa pale mbele yako macho yamekutazama lakini kichwani anapiga hesabu nyingine. Nina binti mmoja darasa la sita anasinzia kipindi cha kwanza kila siku, walimu walimchapa mpaka tukamkalisha chini tukaongea nae, kumbe anaamka saa tisa usiku kumsaidia mama kukanda unga wa maandazi, saa kumi na moja wako kituoni wanauza kwa madereva, saa moja yuko mstarini na unga bado uko kwenye kucha. Yule mama ana mume, tena yuko ndani, anaumwa mgongo tangu alipoanguka kwenye saiti ya ujenzi na hakuna aliyemlipa chochote. Mtamwambia huyo mama arekebishe ndoa?

Tuongelee na hizi ndoa zenyewe zinavunjikaje, maana tunaongea kana kwamba watu wanaamka asubuhi wanaamua tu. Nimekaa kwenye vikao vingi vya usuluhishi, nimesikia mengi, na ndio kuna ulevi na michepuko, hilo lipo kwa maskini na kwa tajiri. Ila chimba kidogo utakuta pesa. Mama alichukua mkopo wa kausha damu, hii ya mtaani yenye riba kubwa, laki mbili kwa ajili ya mtaji, marejesho kila siku, mtoto akaugua hela ya marejesho ikaenda hospitali, akakopa kwa mwingine alipe wa kwanza, mume akaja kujua siku wamekuja kubeba tivii na godoro. Hapo ndipo ngumi zilipoanza. Mwingine mume ameenda kutafuta machimboni Geita, alisema miezi mitatu, umepita mwaka, mwanzoni alikuwa anatuma, akaanza kutuma kidogo, akaona aibu kupiga simu bila hela, akanyamaza, na akishanyamaza huko anaanza maisha mengine. Simtetei, nitakuja kwake sasa hivi. Nasema umaskini unavunja nyumba, na nyumba iliyovunjika inaongeza umaskini, na mtoto yuko katikati anazungushwa.

Alafu kuna jambo hatupendi kuligusa. Familia nyingi za mjini zilizotulia, baba kazini mama kazini watoto inglishi midiamu, zimetulia kwa sababu kuna binti wa mtu ndani. Dada wa kazi. Ameletwa kutoka Iringa, Singida, Dodoma, wengine wameshafika miaka kumi na nne ambayo sheria ya kazi inaruhusu kazi nyepesi na wengine hata hiyo hawajafika, na hiyo kazi sio nyepesi, anaamka wa kwanza analala wa mwisho. Anawaamsha watoto wa wenzie, anawapigia pasi sare, anawasubirisha basi la shule getini, na yeye mwenyewe aliacha shule. Muulize kwanini aliacha, utasikia baba alifariki, au mama aliolewa kwingine akabaki kwa bibi, au mahindi hayakutoka mwaka ule. Yani tumehamisha utulivu kutoka nyumba ya kijijini tukauleta nyumba ya mjini. Kama unae dada wa kazi nyumbani kwako nakuomba sana, mlipe hela yake mkononi mwake, mpe siku ya kupumzika, na kama anataka kujiandikisha masomo ya jioni au cherehani mruhusu. Ni mtoto wa mtu.

Kuna watakaosema mwalimu mbona fulani alilelewa na mama ntilie na leo ni daktari. Kweli, wapo, nawajua na najivunia wengine niliowafundisha mwenyewe. Ila fuatilia hadithi zao vizuri, karibu kila mmoja utakuta kuna mtu alisimama: shangazi aliyempokea Morogoro akamlipia, mwalimu aliyemlaza kwake wiki za mtihani, padri, jirani. Bila huyo mtu tusingekuwa tunamtaja. Na kingine, angalia mtoto wa kila upande anapewa nafasi ngapi za kukosea. Mwenye uwezo akifeli kidato cha nne anarudia, akifeli tena anatafutiwa chuo cha cheti, anaunga diploma, anaunga digrii, akifika miaka ishirini na tano yuko sawa na hakuna anayekumbuka alifeli. Wa kwetu ana mtihani mmoja, Septemba ya darasa la saba, akiteleza hapo jumatatu yake yuko gereji au anauza karanga kwenye foleni. Akili zinaweza kuwa zile zile. Tofauti ni mmoja kateleza akakuta mkono wa kumdaka.

Nirudi nyuma kidogo wazee watanisaidia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, na 1969 ikaja sheria ya elimu iliyoziweka shule za watu binafsi na za dini chini ya serikali. Sikatai kulikuwa na mapungufu, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, watoto wengi sana waliishia la saba. Lakini wale wachache waliopita walikutana bweni moja, Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, mtoto wa katibu mkuu na mtoto wa mkulima wa Kasulu wanakula maharage yale yale. Na bweni lilikuwa linafanya kitu kikubwa kuliko masomo, lilikuwa linampa mtoto wa nyumba iliyovurugika mahali pa kulala pasipobadilika miaka minne. Shida za nyumbani zilikuwa zinambakia nyumbani. Mtoto aliyeachwa na baba na mtoto wa waziri wote kengele inawaamsha muda mmoja, na chakula kipo.

Leo watoto wa wenye sauti hawapo huku. Tuna ada iliyofutwa, na nashukuru kwa dhati, elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa msingi mpaka kidato cha nne na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita, mimi niliiona siku ile ya kwanza watoto walivyofurika na wengine walikuwa wakubwa kuliko darasa lao maana walikuwa wanasubiri. Ila darasa lenye watoto zaidi ya mia, choo kikiziba, nani mwenye namba ya simu ya mkurugenzi wa halmashauri? Kule inglishi midiamu nilikokuwa, bomba likikatika asubuhi, mchana wazazi wameshajaza grupu la WhatsApp, jioni fundi yupo. Huku mama mwenye mtoto hapa anaogopa hata kuingia ofisini kwetu, anavua kandambili mlangoni.

Na ada kufutwa hakujafuta mambo mengine, mnayajua kuliko mimi: sare, viatu, madaftari, mlinzi, karatasi za mtihani, twisheni. Hapo kwenye twisheni niseme na walimu wenzangu wapo wanisikie. Kuna shule mada inaachwa nusu darasani inamaliziwa saa nane kwa waliolipa jero, yani mia tano, ambao hawana wanatolewa nje. Mtoto anasimama dirishani anasikia somo lake linafundishwa wenzie. Mishahara yetu ni midogo, naujua uchungu huo mfukoni mwangu, lakini yule mtoto wa dirishani ndio yule yule ambaye baba hayupo, ndio yule yule wa Mbande. Kila mzigo unamuangukia yeye. Na akivuka hapo akaenda sekondari ya kata anakutana na kingereza siku ya kwanza, hisabati kingereza, jiografia kingereza, wakati mwenzie amekisoma tangu chekechea na nyumbani katuni zote ni hicho hicho.

Hata mema tunayoamua yanafika kwa watoto kwa viwango tofauti. Tangu Novemba 2021 binti aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, jambo ambalo tulililia miaka mingi. Sasa nani anarudi? Anarudi yule ambaye mama yake ana nafasi ya kumshikia mtoto au ana uwezo wa kuweka msichana wa kulea. Yule ambaye mama yake yuko sokoni Stereo alfajiri mpaka jioni ruhusa anayo mkononi na kichanga mgongoni, na hawezi kuja na kichanga darasani. Nimemfuata mmoja nyumbani, nikamkuta amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu maji vya kuuza, daftari la kidato cha pili liko juu ya kabati. Aliniuliza mwalimu nikija mtoto nimuweke wapi, nikakosa cha kumjibu.

Sasa kina baba. Wengi hamjaja lakini mlioko fikisheni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 8 inasema mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Haisemi mzazi aliyeoa. Mtoto ni wako mkiwa mmefunga ndoa msikitini, kanisani, bomani au hamkufunga kabisa. Zamani sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa matunzo shilingi 100 kwa mwezi, mia moja jamani, na ukomo huo ulibaki kwenye vitabu mpaka hiyo sheria ya 2009 ilipokuja. Saa hizi hakimu anaangalia kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto. Na kukimbia kipimo cha DNA hakusaidii, kwa sababu jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, mila ulizozifanya kwa ajili ya mtoto, kumtambulisha mbele ya watu, hata kule kukataa kupima kwenyewe, vyote mahakama inaweza kuviangalia inapoamua nani baba.

Ila wapo kina baba wanaokimbia kwa aibu ya kutokuwa na kitu, na nao nina neno. Kaka yangu, kama una elfu mbili tuma elfu mbili. Kama huna, njoo. Njoo jumamosi umkague mtoto madaftari, mpeleke kliniki, mshike mkono mvuke barabara. Tuna baba mmoja hapa anasukuma mkokoteni, hawaishi pamoja na mama wa mtoto na hawaelewani, lakini kila ijumaa saa sita anasimama pale getini anamsubiri mwanae, anamuuliza umesoma nini, anampa parachichi au chungwa. Yule mtoto ni wa nne darasani kwangu. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya hizo ijumaa, ila ijumaa hakosi shule.

Na sisi tulioko hapa tunaweza nini, maana kodi ya nyumba hatutaifuta leo. Tunaweza kufanya shule iwe ndio mahali pasipobadilika pa huyu mtoto. Nimeshaongea na mwalimu mkuu na kamati, wamekubali mambo ambayo naomba muyasikie kwa masikio yenu. Mtoto aliyechelewa anaulizwa kwanza, hachapwi getini. Uji wa saa nne na makande ya mchana tutachangia kila mwenye uwezo kwa kilo za mahindi na maharage au hela, na mtoto ambaye kwao hawajachanga hatolewi kwenye foleni ya chakula, sitaki kusikia habari ya majina ya wasiolipa yanasomwa mstarini, hilo limekwisha. Twisheni ya la saba watakaa wote. Na mzazi anayehama aje aseme kabla hajahama, tuangalie kama uhamisho unawezekana haraka au kama kuna familia karibu na shule inaweza kumlaza mtoto siku za wiki mpaka mtihani upite. Kuna nyumba mbili tayari zimejitolea, na mwenyekiti wa mtaa anazifahamu.

La mwisho, kina mama ambao baba wa mtoto ameacha kutoa matunzo. Afisa ustawi wa jamii wa kata yuko hapa leo, nimemuomba akae darasa la tano B mpaka saa tisa. Hamlipi chochote. Nendeni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, meseji zozote ambazo baba amemtaja mtoto msizifute, miamala ya simu ya hela aliyokuwa anatuma huko nyuma, na jina la mahali anapofanyia kazi au kijiwe chake. Yeye atamuita baba kwanza wakae waongee, wakishindwana ndio mahakama ya watoto. Ambao mna vichanga mgongoni anzeni nyie, wengine tutawasubiri kwenye benchi nje na uji upo.